Msumari wa Tatu

Desemba 2024 nyumbani kwetu juu ya Karatina, huko mashamba ya chai yanakokaribia msitu, tulikuwa watu wawili wenye mabega mazima mawili. La mama la kulia lilikuwa haliinuki kupita kifua. Langu la kushoto lilikuwa linainuka, lakini kwa masharti. Sufuria kubwa iliyokuwa juu ya kabati ilikaa huko huko hadi kijana wa jirani alipopita kuomba kiberiti.

"Baba," mama aliniambia (nina jina la babake, kwa hiyo tangu utotoni hajaniita vingine), "wewe umetoka kwa wazungu na bega bovu, mimi nimebaki hapa na bega bovu. Sasa hiyo safari imekusaidia nini?"

Alikuwa anatania. Mimi swali lile nimekuwa nikilitafuna hadi leo.

Langu liliharibika mwezi Agosti, Leeds, Uingereza, ninakofanya kazi ya kuwahudumia wazee majumbani mwao. Mzee mmoja aliteleza akitoka bafuni, nami nikafanya kile hasa tulichofundishwa tusifanye: nikamdaka. Mtu anayeanguka humdaki, unamsindikiza hadi chini. Lakini mwenye mikono iliyolelewa Nyeri akiona mzee anaanguka hakumbuki karatasi ya mafunzo. Nilisikia kitu kama kitambaa kinachochanika ndani ya bega. Usiku huo nikajua maana ya saa nane za usiku, maana bega lililoumia halikuulizi umelalaje, linakuamsha tu. Picha ilionyesha kwamba kano moja kati ya zile nne zinazoshikilia kichwa cha mfupa wa mkono ilikuwa imechanika sehemu.

Kule mtu akiugua, siku 7 za kwanza hujithibitishia mwenyewe. Zikizidi anahitaji cheti. Cheti hicho kina jambo ambalo sikulithamini hadi niliporudi nyumbani. Badala ya kuishia kwenye unaweza kazi au huwezi, kina kisanduku cha katikati: anaweza, iwapo atarudi kidogo kidogo, au atapunguziwa saa, au atabadilishiwa majukumu, au atawekewa vifaa. Tangu Julai 2022 hata fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya mazoezi, anaruhusiwa kukitia cheti hicho sahihi. Nilikaa nyumbani wiki tatu, kisha nikarudi kwa kisanduku hicho: nikawa napeleka dawa na kupanga ratiba, sinyanyui mtu.

Msinione nasifu mno. Siku 3 za kwanza hazikulipwa hata senti, na malipo ya kisheria ya ugonjwa mwaka huo yalikuwa pauni 116.75 kwa wiki, pesa ambazo Leeds zinaisha kwenye kodi ya chumba kabla hujanunua maziwa. Na kumwona fizio kulinichukua wiki tisa za kusubiri. Wiki tisa! Ng'ombe anaweza kuugua, kupona na kuuzwa.

Siku ilipofika nilikaa naye dakika thelathini. Alinivutisha, akanisukumisha, akanipa utepe wa mpira wa manjano na karatasi yenye michoro minne. Kisha akasema jambo ambalo kwa Kiswahili linatoka vizuri kuliko lilivyotoka kwake: kuuma si kuumia. Maumivu yakifika tatu au nne kati ya kumi wakati wa zoezi, na kesho asubuhi yakawa yametulia, endelea. Yakipanda na kukesha nawe, punguza. Nirudi baada ya wiki sita.

Nikaenda chumbani na utepe wangu, nikaufunga kwenye kitasa cha mlango. Hakuna aliyeniuliza kama nimefanya. Mwenye nyumba alikuwa anasikia mlango ukigonga kila jioni, na nadhani alijiuliza mengi.

Nyumbani ni kinyume. Nyumbani bega lako ni la kijiji kizima.

La mama lilianza wakati wa majani mengi, baada ya mvua. Anayechuna chai hainui mikono juu sana, ila kila konzi ya majani huitupa nyuma, juu ya bega, ndani ya kikapu mgongoni. Hesabu mwenyewe ni mara ngapi kwa siku, kwa mtu wa miaka sitini na nne. Alipolalamika, watu wakaja. Wa kwanza akasema ni baridi ya Julai imeingia kwenye mfupa. Wa pili akaleta mafuta ya mbariki. Tata, dadake mama, akaja na kopo la Arimis, lile la kukamulia ng'ombe, akamkanda hadi machozi yakamtoka. Wote walikubaliana juu ya ugonjwa: mshipa umevutika.

Hapo ndipo penye tatizo moja ambalo ni la lugha kabla halijawa la dawa. Kwetu mshipa ni kila kitu chenye umbo la kamba mwilini: unaopitisha damu ni mshipa, unaopeleka hisia ni mshipa, kano inayofunga msuli kwenye mfupa nayo ni mshipa. Kikuyu nacho kinafanya hivyo hivyo, mũkiha. Sasa ukishasema mshipa umevutika, tiba inajitaja yenyewe: urudishwe, ukandwe, ukae mahali pake. Lakini kano haijahama. Imechoka, au imechanika nyuzi kadhaa, na kinachoijenga upya ni mzigo mdogo unaoongezwa polepole. Mwaka 1998 Håkan Alfredson na wenzake huko Sweden walichukua wakimbiaji 15 wa kawaida wenye kano mbovu za kisigino, wakawafanyisha zoezi la kushusha kisigino kwenye ngazi, asubuhi na jioni, wiki 12, hata kama panauma. Wote walirudi mbioni. Tangu hapo wazo la kulaza kano ili ipone limekuwa likipoteza wafuasi.

Simdharau Tata. Alinikanda hata mimi, na usiku ule nililala kama mtoto. Mikono ya mtu anayekupenda inatuliza maumivu, na Leeds hakuna aliyenigusa bega isipokuwa yule fizio na mashine ya picha. Ila asubuhi kano ilikuwa pale pale.

Baada ya kukandwa mama alikwenda zahanati moja akachomwa sindano. Akapata nafuu ya wiki kadhaa, akarudi kwenye chai, likarudi. Akachomwa ya pili. Ya tatu. Mara ya mwisho aliambiwa apumzishe mkono, akautia kwenye kitambaa shingoni, na kwa kuwa mama ni mtu mtiifu aliukalisha humo miezi miwili. Ulipotoka, bega lilikuwa limeganda. Ana kisukari, na wenye kisukari hugandwa na bega kuliko wengine. Hilo hakuna aliyemwambia.

Niliposoma baadaye juu ya utafiti wa GRASP uliochapishwa 2021, nilicheka peke yangu kwenye basi. Watu 708 wenye maumivu ya kano za bega, hospitali za umma za Uingereza. Wengine walionwa na fizio hadi mara sita. Wengine walionwa mara moja tu, wakafundishwa vizuri na kupewa mazoezi ya kufanya nyumbani. Baada ya mwaka mzima, hawakutofautiana. Na sindano? Iliwasaidia kidogo wiki za mwanzo, faida ikaishia hapo. Kwa maneno mengine, kile kitu ambacho mwanakijiji wa kwetu Mathira anaweza kukimudu, yaani nauli ya safari moja ya mjini na mtu mmoja wa kumweleza sawasawa, kinakaribia kutosha.

Desemba ile mimi na mama tulikwenda Nyeri mjini Jumanne moja, kwa matatu ya saa kumi na mbili. Foleni ya fizio ilikuwa ndefu, nusu yake vijana wa bodaboda wenye mikono iliyofungwa, wengine wazee waliopooza upande mmoja wakishikwa na watoto wao. Fizio mwenyewe alikuwa dada mdogo ambaye angeweza kuwa mpwa wangu. Hakuwa na mashine yoyote ya maana. Alimshika mama mkono, akauzungusha hadi ulipogoma, kisha badala ya kuchukua karatasi akamuuliza:

"Mama, nguo unaanika wapi?"

"Nyuma ya jikoni. Lakini siku hizi ananianikia msichana wa jirani."

"Mwambie apumzike. Kamba yako ifungwe kwenye msumari, usawa wa kifua. Anika hapo wiki mbili, kila siku, hata kama ni kitambaa kimoja. Halafu unapiga msumari mwingine juu yake, upana wa kiganja. Misumari minne. Ukifika wa nne usirudi kwangu, nenda kanisani ukapige makofi."

Mama alicheka. Tangu alipoanza kutibiwa, mtu hakuwahi kumchekesha juu ya bega hilo. Dada akaongeza kamba na kapi ya kutundika juu ya mlango, mkono mzima uvute ule mgonjwa, na akamwambia apime sukari. Tulilipa kidogo, tukaondoka. Dakika kumi na tano kwa jumla.

Njiani tulishuka sokoni Karatina. Utepe wangu wa manjano ulikuwa umekatika, na Leeds mpya ulikuwa kama pauni kumi. Kwa mwuza mitumba ya mipira nikanunua blada, zile tepe za tyubu ya baiskeli tunazofungia magunia, mbili kwa shilingi hamsini. Ni ngumu zaidi ya ule utepe, lakini ukiikunjua na kuishika mbali inalegea. Uzito nao upo tayari jikoni: nusu kilo ya sukari, pakiti ya unga ya kilo mbili, mtungi wa lita tano, wa lita kumi, wa ishirini. Lita moja ya maji ni kilo moja. Nani anahitaji jimu? Nikapanga ngazi yangu kwa hivyo vitu, na nakiri ilinifaa kuliko michoro ile minne, kwa sababu mtungi ukiujaza unaupeleka mahali.

Kinachotushinda nyumbani, basi, si vifaa. Kinachotushinda ni kile kisanduku cha katikati. Kijijini kuna mgonjwa, anayepewa pole na uji, na kuna mzima, anayechuna chai. Ukionekana umetoka nje unaulizwa "umepona?", na jibu ni ndiyo au bado. Hakuna jibu la "nimefika pakiti ya unga". Na siwalaumu watu. Majani ya chai hayasomi cheti cha daktari. Zamu ikifika baada ya wiki moja au mbili yasipochunwa yanakomaa, na kilo zilizopotea hazirudi kwenye bonasi. Kijana niliyekaa naye kwenye foleni alisema pikipiki yake ni ya mkopo na anadaiwa kila siku. Alikuwa amevunjika mtulinga wiki mbili zilizopita. Jumatatu ilikuwa inamngoja barabarani.

Hata mazoezi yenyewe nyumbani hayana katikati. Leeds nilianza kurudi mbioni Woodhouse Moor, Jumamosi saa tatu asubuhi, kwenye zile mbio za bure za kilomita 5 ziitwazo parkrun. Ziliasisiwa London mwaka 2004 na Paul Sinton-Hewitt, wakati yeye mwenyewe alikuwa ameumia na hawezi kukimbia. Mara ya kwanza walikuja watu 13. Mle ndani unamkuta anayepaa, anayetembea, anayesukuma mtoto kwenye kigari, na hakuna anayemwangalia mwenzake mara mbili. Nyeri ndiyo iliyomzaa Catherine Ndereba, aliyekimbia marathoni ya Chicago mwaka 2001 kwa saa 2:18:47 ambayo hakuna mwanamke aliyekuwa ameifikia. Kwa hiyo ukionekana barabara ya chai asubuhi na tracksuti, ama wewe ni Ndereba au umefukuzwa na kitu. Siku ya kwanza nilisimamishwa na wazee watatu kuulizwa nani amekufa. Siku ya nne mmoja wao alitembea nami hadi kituo cha kupimia majani, akinieleza goti lake.

Nimeacha nyumbani maagizo mawili, na wewe uliye mbali unaweza kuyapeleka kwenu kwa simu. Aliyeanguka akashindwa kabisa kuinua mkono, au bega limebadilika umbo, au limevimba lina moto pamoja na homa, asikandwe na mtu; aende hospitali siku hiyo hiyo. Na maumivu ya bega la kushoto yanayokuja na kifua kubana na jasho huenda hayahusiani na bega, yanaweza kuwa ya moyo na hayangoji kukuche. Mengine mengi yanaweza kuanza na blada.

Mimi sasa ninabeba lita kumi, na kazini nimerudishiwa wazee wangu. Mama humpigia Tata kumringia. Tata ameacha Arimis kwa bega la dadake, ila mimi nikienda atanikanda tu, amesema. Jumapili iliyopita niliuliza kamba imefika wapi. Iko kwenye msumari wa tatu, na mablanketi bado yanaanikwa na msichana wa jirani.