Mdoli Haujui Cheti Chako

Wasee, fikirieni hii. Mtoto amezaliwa na hajalia. Nesi ana dakika moja tu, inaitwa dakika ya dhahabu. Amkaushe, amsugue mgongo, na kama bado hapumui, aanze kumpulizia hewa kwa mfuko na barakoa. Hapo hakuna muda wa kuuliza Google.

Ndiyo maana kuna mdoli wa mazoezi, NeoNatalie. Unajazwa maji upate uzito wa mtoto, na ukipuliza vizuri kifua kinapanda. Ukikosea, unarudia. Hakuna mama analia.

Lakini stori yenyewe iko hapa. Hospitali ya Haydom, kaskazini mwa Tanzania, wahudumu walipewa mafunzo ya siku moja mwaka wa 2010. Kwa mdoli wakawa moto. Kwa leba wodi? Mambo hayakubadilika sana. Baadaye yakaletwa mazoezi mafupi, mara kwa mara, palepale kazini. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikapungua.

Sisi huku tunapenda semina. Hoteli, chai, cheti, picha ya pamoja, kwisha. Bana, hata Gor haifanyi mazoezi siku moja Januari halafu ingojee Mashemeji Derby!

Dada yangu anajifungua Disemba. Sina haja na vyeti vilivyo ukutani. Nataka kujua nesi wa zamu alishika mdoli mara ya mwisho lini.

Na hospitali ya mtaani kwenu, mdoli uko mezani ama umefungiwa stoo?