Ushahidi wa Unywele wa Tembo



Katika Injili ya Luka (12:7) Bwana wetu anawatuliza wanafunzi wake kwa kuwaambia kwamba hata nywele za vichwa vyao zimehesabiwa. Tumelisikia neno hilo mara nyingi hata limepoteza makali yake. Unywele ni kitu gani hata Mungu auhesabu? Tunaunyoa, tunaufagia, tunautupa. Juma hili nimekuwa nikisoma habari za wataalamu waliojifunza kuuheshimu unywele, tena si wa binadamu bali wa mkia wa tembo, na nimeona kwamba habari hizo zinatuhusu sisi wa Susuni, pamoja na ndugu zetu wanaolima kando ya Hifadhi ya Serengeti.

Kila chakula kinachoingia mwilini huacha alama. Kaboni iliyomo katika mimea si ya namna moja: karibu yote ni nyepesi, lakini kiasi kidogo, kama asilimia moja tu, ni nzito zaidi, nayo huitwa kaboni 13. Nyasi za nchi za joto, pamoja na jamaa zake mahindi, mtama, ulezi na miwa, zina kaboni hiyo nzito kwa wingi kuliko miti, vichaka, maharage, mihogo au migomba. Mnyama akila, tofauti hiyo hupita katika damu na kuishia katika nyama, mfupa na unywele. Nyama na mfupa hujijenga upya na kufuta habari za zamani. Unywele ukishatoka katika ngozi haubadiliki tena. Usinga wa tembo hurefuka milimita tano hivi kwa juma. Basi mtaalamu akiukata vipande vidogo vidogo toka shinani hadi nchani, na kukipima kila kipande, husoma juma baada ya juma mnyama yule alikula nini. Nitrojeni humwambia kama nchi aliyopitia ilikuwa kavu; haidrojeni humwonyesha majira ya mvua. Njia hiyohiyo hutumika kwa nyangumi, hata wale wa nundu wapitao mbele ya Zanzibar na Mafia kila mwaka, kwa kuwa mabamba ya vinywani mwao huota kama kucha na kuhifadhi kumbukumbu ya safari zao.

(Wanaodhani kwamba mambo haya hayafai kuzungumzwa na padre wamkumbuke Mtakatifu Alberto Mkuu, Mdominika, aliyeandika kwa kirefu juu ya wanyama. Papa Pius XII alimtangaza mwaka 1941 kuwa msimamizi wa wanasayansi wa maumbile.)

Mwaka 2006 Thure Cerling wa Chuo Kikuu cha Utah, pamoja na George Wittemyer, Iain Douglas-Hamilton na wenzao, walitoa matokeo ya utafiti wao juu ya tembo wa Samburu, kaskazini mwa Kenya. Kwa kawaida tembo wa pale hula nyasi kwa wingi wakati wa mvua, na kiangazi hurudi kwenye majani ya miti na vichaka. Dume mmoja, waliyempa jina la Lewis, unywele wake ulisema vingine. Wenzake walipokuwa wakitafuna vichaka wakati wa ukame, yeye alikuwa na chakula cha jamii ya nyasi. Alikipata wapi nyasi zilipokwisha kukauka? Alikuwa amepanda kwenda msitu wa Imenti, chini ya Mlima Kenya, na usiku alitoka msituni akaingia katika mashamba ya watu.

Hapa ndipo ninapoomba mnisikilize kwa makini. Kaboni peke yake haiwezi kutofautisha hindi na nyasi ya porini. Zote zina alama moja. Unywele usingetosha kumtia Lewis hatiani. Ilibidi upatikane ushahidi wa pili, nao ulitoka katika mkanda wa shingoni mwake wenye chombo cha satelaiti, kilichoonyesha alikuwa wapi siku ile na usiku ule. Mashahidi wawili walipokubaliana, ndipo wataalamu wakasema. Torati iliamuru hivyo zamani (Kumb 19:15), kwamba mtu asihukumiwe kwa kinywa cha shahidi mmoja. Sisi huku tumezoea kufuata nyayo za ng'ombe walioibwa, na ninaiheshimu kazi hiyo ya wazee wetu. Lakini tumeona pia vijana wakipigwa kwa uvumi mmoja uliotoka kilabuni, bila unyayo wala mkanda. Tembo wa Samburu alitendewa haki kuliko wao.

Utafiti wa pili wa watu haohao, uliotolewa mwaka 2009, unatugusa mahali penye kidonda. Walifuatilia tembo wanne wa familia moja kwa miaka sita. Waliona kwamba nchi ikianza kuwa kijani, tembo huchelewa kama majuma mawili kabla ya kugeukia nyasi, na kwamba majike hushika mimba zaidi majuma matatu hivi baada ya kilele cha kula nyasi. Katika miaka hiyo yote kulikuwa na kipindi kimoja tu ambacho tembo wale walikula majani ya miti na vichaka peke yake. Walikuwa wapi? Nje ya eneo la hifadhi, katika ardhi ya jumuiya iliyokwisha kulishwa kupita kiasi.

Samburu si Mara, wala sisemi kwamba kila tembo anayevuka kuja mashambani anafukuzwa na mifugo yetu. Lakini kwetu ng'ombe ni mahari, ni akiba, ni heshima ya mji, na kwa sababu hiyo hakuna anayethubutu kuhesabu ng'ombe wangapi malisho yetu yanaweza kuwabeba. Unywele uleule unaoweza kumtetea mkulima unaweza kumshitaki mfugaji, na mara nyingi hao wawili ni mtu mmoja.

Mama mmoja mjane kutoka upande wa hifadhi aliniuliza, "Baba Padre, tembo akimaliza shamba langu kwa usiku mmoja, nani ataniamini nilikuwa na ekari mbili?" Swali lake ni la haki. Nchi yetu ina utaratibu wa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa, na kifuta machozi kwa aliyeumizwa au kufiwa. Ni pesa zisizolingana na hasara, nami naona ni aibu kumwacha maskini abebe peke yake gharama ya mnyama ambaye taifa zima linajivunia. Hata hivyo bila ushahidi hazipatikani kabisa.

Kwa hiyo tumewaomba vijana wenye mwandiko mzuri wakae kila Jumapili baada ya Misa ya pili na daftari moja. Aliyeharibiwa shamba aje aandikishe tarehe, ukubwa wa shamba na zao, akiwa na jirani wawili walioona, kisha taarifa ipelekwe ofisi ya kijiji. Aje mapema, kabla mvua haijafuta nyayo.