Muda Wako Mkali, Ila Video Imeungwa

Leo tuwaache kidogo mastaa wa Dar wapumzike. Nina jambo la huku kwetu Katesh ambalo limenifanya nitukanwe wiki nzima, na nikiulizwa tena jibu langu ni lile lile.

Tuna kagrupu ketu ka WhatsApp ka watu wanaoshindana kumaliza gemu haraka, mchezo ambao duniani unaitwa spidirani. Tupo wa Katesh, Endasak, Dongobesh, Haydom mpaka Mbulu mjini. Gemu letu ni moja tu, Super Mario Bros ile ya zamani ya mwaka 1985, maana haili bando na hata simu ya bei chee inaibeba. Unaanza 1-1, unapita kwenye mabomba ya siri ya 1-2 na 4-2, kwa hiyo unacheza steji 8 tu kati ya 32. Saa inaanza pale namba 400 inapotokea juu ya skrini, inasimama Mario akigusa shoka kwenye 8-4. Mwisho wa mwezi mwenye muda mdogo anabeba elfu hamsini tunayochanga wenyewe.

Mkaguzi ni mimi. Hakuna chuo nilichosomea hayo, nina form four yangu tu, ila macho ninayo na uvumilivu ninao.

Watu wanadhani kukagua ni kuangalia video ukasema "safi". Siyo hivyo. Mimi naangalia mara tatu. Ya kwanza natazama kama mtu wa kawaida. Ya pili nafumba macho nasikiliza tu, kwa sababu video ikikatwa na kuungwa, muziki huwa unaruka hata kama picha imepita vizuri. Ya tatu ndo kazi yenyewe: naisogeza fremu moja moja nikiangalia namba za juu tu. Pointi, sarafu, saa. Ukitoka steji moja kwenda nyingine sarafu unaenda nazo, zinaanza upya tu zikifika 100.

Sasa kuna jamaa mmoja hivi, msiniulize jina, mnamfahamu nyie wenyewe. Ana wafuasi kibao, akipita stendi watu wanaomba picha. Wiki mbili nyuma alikuwa anamaliza kwa dakika 7 na ushee. Mara paap, katuma 5:19! Grupu zima moto. Ikumbukwe bora wa dunia wako chini kidogo ya 4:55, kwa hiyo 5:19 ya kugusa kioo kwa vidole ni balaa.

Nikaweka video. Masikio yakaniambia kuna kitu. Nikaenda fremu kwa fremu: anamaliza 8-1 ana sarafu 14, 8-2 inaanza ana 11. Sarafu 3 zimeenda wapi? Zimebaki kwenye ile video nyingine aliyoikata.

Nikamfuata inbox kwa heshima. Nikamwambia, bro, sijakuita mwizi, njoo banda la gemu Jumamosi, cheza mbele ya watu, ukipata hata 5:40 nitakuandika wa kwanza. Akajibu hana muda wa kukaa na washamba. Dakika kumi baadaye akanirudia na lugha tamu: nikiipitisha, ataongeza laki moja kwenye zawadi na kutupostia grupu kwenye ukurasa wake. Na mwenye banda naye akanipigia, dogo acha ubishi, yule anatuletea wateja.

Kiukweli laki moja kwetu siyo hela ya kuiangalia mara moja ukaiacha. Ila kulikuwa na video nyingine kwenye foleni, ya dogo wa Dongobesh. 6:48. Karekodi kwa simu ya mama yake, kaiegemeza kwenye kitu, picha inatikisika, jogoo anawika katikati, watu wakaicheka. Nikaikagua mara tatu kama ile ya staa. Sarafu zinafuatana, muziki haujaruka, jogoo naye hakukatika sauti. Ni safi mwanzo mwisho. Ningepitisha ile 5:19, wa kuibiwa angekuwa huyu. Na asingejua kamwe kwamba ameibiwa, angedhani tu yeye ni mzito.

Haya mambo hayajaanzia Katesh. Todd Rogers wa Marekani alishikilia rekodi ya sekunde 5.51 kwenye gemu la Dragster tangu 1982. Watu wakaja kuichambua programu ya lile gemu, ikaonekana haliwezi kushuka chini ya 5.57 hata ucheze kama malaika. Mwaka 2018 Twin Galaxies, wale watunza rekodi, wakaifuta. Zaidi ya miaka 35 ametamba nayo.

Na sisi watu wa huku ndo hatutakiwi kabisa kushangaa ukaguzi, tumezaliwa kwenye mbio. Jirani yetu wa Singida, Alphonce Simbu, mwaka 2025 kule Tokyo alimaliza maratoni ya dunia kwa 2:09:48, na Mjerumani Amanal Petros naye 2:09:48. Ikaamua picha ya mstari wa mwisho, tofauti sekunde 0.03. Bila mkaguzi, ile dhahabu ingekuwa ya nani?

Halafu kuna John Stephen Akhwari wa Mbulu. Mexico 1968 alianguka akaumia goti, akaingia uwanjani wa mwisho, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi. Watu wengi walishaondoka, ila muda wake ulipimwa na ukaandikwa: 3:25:27. Wa mwisho kabisa naye alihesabiwa kwa saa ile ile ya bingwa. Mimi hiyo ndo naiita haki.

Basi, jamaa kajitoa na watu kama kumi na tano. Wanasema nina wivu, eti nabana vipaji. Elfu hamsini ilienda Dongobesh kwa simu, kwa jina la mama wa dogo, maana yeye hana laini.

Mwezi huu sheria ni zile zile: video moja isiyokatwa, sauti iwepo, na vidole vikionekana ni vizuri zaidi. Mlango kwa jamaa uko wazi, Jumamosi banda linafunguliwa saa nne.

Sasa wadau, ungekuwa wewe, ile laki moja ungeipokea? Semeni ukweli.