Dar hadi Iringa: mimi, usukani na Kitonga

Sisi watoto wa Dar barabara ya Iringa tunaijua kwa usingizi. Unapanda basi alfajiri, unaegemea kioo, ukishtuka uko Morogoro. Ukishtuka tena watu wanapiga kelele "tembo hao!" na wewe unaambulia makalio. Kilomita kama 500 hizo, zinaishia kwenye ndoto. Juzi juzi nilizipita zote nikiwa nimekodoa macho, maana usukani nilishika mwenyewe, na garini sikuwa na mtu.

Ilikuwa hivi. Dada yangu ni mwalimu huko Iringa. Kanunua ka-Starlet kuukuu hapa Dar, ka gia za mkono, ikabidi apelekewe. Wazee wakataka akodiwe dereva. Nikawauliza, pesa yote hiyo ya nini wakati leseni ninayo? Baba mdogo akacheka mpaka akakohoa. "Wewe mtoto wa kike, Kitonga utaipandaje?" Sikumjibu. Jumamosi saa 11 alfajiri nikawasha moto.

Kibaha na Mlandizi hewa ni ile ile ya Pwani, nzito kama shuka lililoloa. Mikorosho, minazi, na malori mbele na nyuma, ya kwenda Zambia, Malawi na Kongo. Chalinze, pale wenzetu wa Tanga na Arusha wanapokata kulia, nikashuka kunywa chai. Kijana wa chapati akachungulia ndani ya gari. "Sista, bosi yuko wapi?" Nikamwambia ndiye huyu unayemchaji chai. Akacheka, kadhani utani.

Kutoka hapo minazi inakuaga. Ardhi inaanza kupanda na kushuka, na ukikaribia Morogoro, milima ya Uluguru inakusimamia mkono wa kushoto, kichwani imejitwika wingu. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inakufikisha Moro chapuchapu, hilo silibishi. Lakini treni haisimami eti kwa sababu wewe umependa mlima. Mimi nilisimama.

Halafu Mikumi. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu inaikata katikati kwa kilomita kama 50. Hapa ubishoo weka pembeni. Kuna matuta, na kuna mabango yanayokutajia faini ya kila mnyama utakayemgonga. Nyasi zimekauka, rangi ya simba. Twiga watatu wakaingia barabarani taratibu kama maharusi. Nikasimama, nikazima redio, nikawasubiri. Nyuma yangu hakuna aliyepiga honi. Raha ile, wewe acha tu.

Ukitoka Mikumi unazungukazunguka vilimani, kisha unateremka bonde la mto Ruaha Mkuu. Joto linarudi kwa hasira. Huku ni ufalme wa mibuyu, mamia kwa mamia, ndiyo maana pakaitwa Ruaha Mbuyuni. Vitunguu vyake vyekundu vimepangwa kandokando ya lami. Mama mmoja aliyeniuzia alitazama kiti cha pembeni, akatazama cha nyuma. "Peke yako, mwanangu? Na Kitonga je?" Akaniongezea vitunguu vitatu bure, akanipa na neno: "Ukikuta majani barabarani, punguza mwendo. Mbele kuna lori bovu."

Basi, Kitonga hiyo hapo. Upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo ambalo ukilichungulia tumbo linakatika. Niko gia ya pili nyuma ya tangi la mafuta, kona baada ya kona. Mara majani hayo! Lori limekufa mlimani, tingo kaliwekea jiwe kwenye tairi. Foleni ikasimama, na mimi nikasimama kwenye mwinuko, basi zima likiwa limeniganda nyuma. Ikifika zamu yangu, ole wangu nikirudi nyuma. Mguu unatetemeka kama cherehani. Nikavuta handibreki, nikaachia klachi kidogo kidogo mpaka gari likanyanyua pua, nikakanyaga mafuta, nikashusha breki. Ka-Starlet kakaondoka bila kurudi nyuma hata inchi. Tingo akapiga kofi bodi la lori lake: "Twende, dada!"

Juu kule ukifungua kioo unakutana na baridi. Ilula nyanya zimejaa matenga. Mbele kidogo ni Lugalo, kwenye mnara wa ukumbusho. Hapo Agosti 17, 1891 askari wa Mkwawa waliwachakaza Wajerumani, kamanda wao Zelewski akauawa. Ni mara ngapi nilipapita nikikoroma! Saa 10 jioni nikaingia Iringa, mji ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na dada akanipokea na sweta mkononi. "Kamwene!" Kamwene, dada, shika ufunguo wako.

Ukitaka kujaribu, kagua breki, matairi na maji ya rejeta. Ondoka alfajiri ili Kitonga uipande mchana, na usishindane na mabasi. Na nyie kina dada mliofungia leseni kabatini: njiani mtaulizwa bosi yuko wapi, mume yuko wapi, dereva yuko wapi. Jibuni mnavyotaka, ila usukani msimwachie mtu.