Ukizunguka ziwa kwa pikipiki, liulize wingu kwanza

Na Mwandishi Wetu

IKIWA wewe na wenzako mmekuwa mkiahidiana kwamba siku moja mtapanda pikipiki zenu mkaione Kisumu na ufuo wa Ziwa Victoria, basi makala haya ni yenu. Lakini kabla ya kujaza petroli, na kabla hata ya kuulizana nani atambeba nani, kuna jambo moja ningependa mlijue mapema. Mimi nililijua kwa kuchelewa.

Watu wengi hupanga safari kwa kutazama kalenda. Husema, "Twende Januari, mvua itakuwa imekwisha." Hawakosei. Kuanzia Machi hadi Mei ni msimu wa mvua ndefu, ambao Waluo huuita chwiri. Mwishoni mwa mwaka huja mvua fupi, nayo huitwa opon. Desemba hadi Februari huwa ni kiangazi. Hata hivyo, Kisumu haina mwezi ambao unaweza kuapa kwamba hakutanyesha. Hapa kalenda hukupa nusu tu ya habari. Nusu iliyobaki iko kwenye saa yako ya mkononi.

Mvua ya alasiri

Amka alfajiri uende Dunga, ufuo wa wavuvi ulio karibu na mji. Utakuta maji yametulia na mbingu nyeupe, na mitumbwi inarudi na samaki. Utajiambia kwamba leo hakuna mvua. Rudi hapo saa tisa alasiri utazame upande wa mashariki, kwenye milima ya Nandi. Huenda ukaona ukuta wa wingu jeusi umesimama kutoka ardhini hadi juu.

Sababu yake si ngumu kuelewa. Jua linapochomoza, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda juu, na upepo wenye unyevu hutoka ziwani kuja kujaza nafasi yake. Upepo huo huvuka uwanda wa Kano, kisha hugonga milima ya Nandi na nyanda za Kericho. Ukiwa hauna pa kupita, hupanda, hupoa na kugeuka wingu. Kufikia saa nane au saa tisa mchana, wingu huwa limeshiba. Usiku mambo hugeuka: upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na radi hupiga juu ya maji. Wavuvi wanaijua sana hali hiyo.

Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ilhali mji wa Nandi Hills uko karibu mita 2,000. Kwa pikipiki, unaweza kutoka kwenye joto la kukutoa jasho hadi kwenye baridi ya kukufa ganzi vidole kabla ya saa mbili kupita.

Siku tuliyofika saba

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Agosti, miaka kadhaa iliyopita. Tulikuwa na pikipiki nane, wengi wetu vijana wa mtaa mmoja. Mimi nilichaguliwa kiongozi kwa kuwa nilikuwa nimeipita njia ile mara nyingi. Tulikubaliana kuondoka Kisumu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tupitie Ahero na Awasi hadi Chemelil, tupande milima hadi Nandi Hills, kisha turudi kwa njia ya Kapsabet na Chavakali. Chakula cha mchana tungekula nyumbani.

Mmoja wetu akawa anatafuta koti lake. Mwingine akaenda kuziba pancha. Wa tatu akasema hawezi kusafiri bila chai na mandazi. Tulipouacha mji ilikuwa saa nne na robo. Pale Ahero tukasimama kupiga picha kwenye mashamba ya mpunga. Huko mbele tukachelewa tena nyuma ya matrela ya miwa. Tulifika Nandi Hills saa nane mchana, na upande wa Kapsabet mbingu ilikuwa rangi ya masizi.

Katika kibanda tulichonywea chai, mzee mmoja alituuliza tunakoelekea. Tulipomjibu, alitazama juu, kisha akasema kwa upole, "Vijana, ongezeni kikombe kingine. Mvua hii si ya kushindana nayo."

Nilimshukuru. Halafu nikatazama saa, nikawaambia wenzangu tugeuze tuteremke kwa njia ile ile tuliyojia. Nilidhani tutaiacha mvua nyuma.

Mvua ilitukuta katikati ya mteremko, nayo ilikuwa mvua ya mawe. Nyanda za Nandi na Kericho zinajulikana sana kwa mvua hiyo, na wakulima wa majani chai huiogopa kama wakulima wengine wanavyoogopa nzige. Lami ikawa nyeupe na mawe yakawa yanagonga helmeti kama kokoto. Kila mmoja wetu akawa na wazo moja tu: kufika chini.

Binamu yangu, kijana wa miaka 19, alikuwa wa mwisho. Pikipiki yake ilikuwa ya kuazima na hakuwa mzoefu kama sisi. Alipoona taa zetu zinapotea kwenye kona, aliongeza mwendo asiachwe. Kwenye kona iliyofuata akabana breki ya mbele, na gurudumu likateleza.

Mimi sikuwa na habari. Nilifika Chemelil, nikaegesha mbele ya duka, nikavua helmeti na kuhesabu pikipiki. Saba. Nikahesabu tena.

Tulipomfikia alikuwa amekaa barabarani kwa zaidi ya dakika ishirini. Dereva wa lori la majani chai alikuwa ameliegesha lori lake kuikinga kona, na utingo alikuwa amemshikia turubai juu ya kichwa. Mfupa wa mtulinga ulikuwa umevunjika. Dereva hakutugombeza. Utingo aliuliza tu, "Kwani hamkujua yuko nyuma?"

Msomaji, swali hilo sijapata jibu lake hadi leo. Mvua haikuwa na kosa, kwani ilikuja saa zake za kila siku. Sisi ndio tuliochelewa, na mimi ndiye niliyeongoza kundi bila kutazama nyuma.

Njia ninayokushauri

Tangu siku ile ninapopanga safari huanza na swali hili: saa nane mchana tutakuwa wapi? Milima huipanda asubuhi mapema, tena katika Januari au Februari, kwa sababu huko Nandi na Kakamega mvua huendelea hadi Agosti na Septemba. Ufuo wa kusini wa ziwa, hasa upande wa Mbita, ni mkavu zaidi. Kwa hiyo ikiwa likizo yako iko Julai au Agosti, iachie milima mvua yake, wewe uzunguke Ghuba ya Winam.

Ondokeni Kisumu saa kumi na mbili asubuhi kuelekea magharibi. Pale Kisian, wanaojifunza wanaweza kufuata barabara ya Busia, wapande kilima hadi Maseno wakapige picha kwenye mstari wa ikweta, kisha warudi mjini. Hiyo ni safari ya kutosha kwa mwanafunzi ambaye hajazoea masafa marefu. Wengine mshike njia ya Bondo. Muda si mrefu mtaliona Kit-Mikayi, lile rundo la majabali makubwa yaliyopandana. Jina lake maana yake ni jiwe la mke wa kwanza, na hadi leo wapo watu wanaokwenda hapo kusali.

Mkifika Ndori, geukeni kushoto kuelekea Luanda Kotieno, ambako kivuko huchukua watu, magari na pikipiki hadi Mbita, ng'ambo ya ghuba. Ulizeni ratiba na nauli siku moja kabla kwa sababu hubadilika. Jitahidini kupata safari ya asubuhi, kwani upepo wa ziwani huzidi nguvu mchana na si kila tumbo hustahimili mawimbi.

Kutoka Mbita kuna daraja la kuvukia hadi kisiwa cha Rusinga. Hapo ndipo alipozikwa Tom Mboya, waziri aliyeuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Kwenye kisiwa hicho hicho, mwaka 1948, Mary Leakey aligundua fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya nyani aliyeishi miaka milioni 18 hivi iliyopita. Wazazi, watoto wenu watajifunza mengi hapo kwa asubuhi moja.

Baada ya Rusinga elekeeni mashariki hadi Homa Bay. Kuleni hapo ngege au mbuta kwa ugali, kisha mwendelee hadi Kendu Bay huku ziwa likiwa kushoto na vilima vya Homa vikiwa mbele yenu. Njia hii ina faida moja ambayo wengi hawaifikirii. Asubuhi mnakwenda magharibi na alasiri mnarudi mashariki, kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya safari jua huwa mgongoni. Mkizunguka kinyume chake, litawachoma macho kwenda na kurudi.

Karibu na Kendu Bay kuna Simbi Nyaima, ziwa dogo la magadi ambako heroe huonekana mara kwa mara. Wazee husimulia kwamba hapo zamani palikuwa kijiji. Bibi kizee mmoja alifika wakati wa sherehe akaomba hifadhi, wakamfukuza. Ni mwanamke mmoja tu aliyempokea. Usiku huo ikanyesha mvua kubwa na kijiji kizima kikazama. Kila ninapopita hapo humkumbuka yule mzee wa Nandi Hills na kikombe chake cha chai.

Kutoka Kendu Bay mtapitia Katito hadi Ahero, na ni vizuri muwe mmelivuka daraja la Ahero kufikia saa tisa. Mto Nyando hutoka milimani. Mvua ikinyesha huko juu, maji hujaa Kano hata kama kwenu kuna jua. Mafuriko ya 2020, mwaka ambao ziwa nalo lilipanda kupita kiwango cha 1964, na yale ya 2024 yalihamisha watu wengi katika uwanda huu. Mkiona maji yanakatiza barabara, msijaribu kuvuka. Wala msiiache lami kutafuta njia ya mkato: udongo mweusi wa Kano ukilowa hunasa magurudumu kama gundi. Mkiona mmechelewa, laleni Homa Bay au Mbita. Gharama ya chumba ni ndogo kuliko ya hospitali.

Kanuni za kundi

Yafuatayo tuliyajifunza kwa machungu, nawe yachukue bure.

Kwanza, asiye mzoefu awe wa pili, nyuma tu ya kiongozi, na kundi zima liende kwa mwendo wake. Mzoefu kuliko wote awe wa mwisho.

Pili, kila mmoja amwangalie aliye nyuma yake kwenye kioo. Asipomwona, apunguze mwendo, kisha asimame mahali salama. Kwenye kila njia panda msiondoke kabla ya kuhesabiana.

Tatu, mvua ikianza, tafuteni jengo mwegeshe. Dakika za mwanzo ndizo mbaya zaidi, kwa sababu maji huchanganyika na vumbi na mafuta na lami huteleza. Mkiona umeme, hesabuni hadi msikie ngurumo. Ikiwa ni chini ya sekunde 30, radi iko karibu. Ingieni ndani, wala msijikinge chini ya mti. Subirini nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho ndipo mwondoke. Matairi ya mpira hayamkingi mtu na radi.

Nne, sheria ya trafiki iliyorekebishwa mwaka 2012 inataka dereva na abiria wavae helmeti na koti la kuakisi mwanga, na abiria asizidi mmoja. Msione haya kulivaa koti hilo kwa kudhani ni la bodaboda tu. Ndani ya mvua, ndilo dereva wa lori analoliona kwanza.

Binamu yangu alipona na bado anapanda pikipiki. Husema bega lake humwashiria mvua kabla ya redio, nasi humcheka, ingawa hatupuuzi. Siku hizi yeye ndiye anayepanga saa ya kuondoka, na saa hiyo ikifika hatumngoji mtu atafute koti wala mandazi.

Shangazi, mama yake, hutoka nje kila tunapoondoka. Hatuagi kwa maneno mengi. Husimama langoni na kutuhesabu kwa kidole, na jioni hutoka tena akatuhesabu upya. Kabla hamjaanza safari yenu, hakikisheni nanyi mna mtu wa kuwahesabu.