Dawa Mbili, Tumbo Moja

Katika Kiswahili, lugha ninayoisomea chuo kikuu hapa Kampala, neno dawa lina sura nyingi. Kuna dawa ya meno, dawa ya viatu, hata dawa ya panya. Nyumbani kwetu nimejifunza kwamba hata dawa ya kutibu inaweza kugeuka sura.

Bibi yangu, tunayemwita Jjajja, anaugua ugonjwa wa kusahau. Daktari alimwandikia donepezili. Dawa hiyo haiponyi ugonjwa, bali huzuia kuvunjwa kwa asetilikolini, kemikali inayosaidia seli za ubongo kuwasiliana. Lakini kemikali hiyo hufanya kazi tumboni pia, na huko huongeza asidi.

Jjajja anaumwa magoti. Kila jamaa anayekuja kumsalimu hupitia duka la dawa na kumnunulia diklofenaki au ibuprofeni. Vidonge hivyo hupunguza kinga ya ukuta wa tumbo. Vikikutana na donepezili, hatari ya vidonda na kutokwa na damu tumboni huongezeka. Tramadoli nayo inaweza kumzidishia mgonjwa kama yeye kuchanganyikiwa, hata kumletea kifafa. Amitriptilini, ambayo wengine hupewa kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, huzuia kazi ya kemikali ileile ambayo donepezili inailinda. Dawa moja inajenga, nyingine inabomoa.

Shangazi yangu alikasirika tulipoweka vidonge vyake kando. "Mnanizuia nisimsaidie mama yangu?" aliuliza.

"La, Ssenga," nilimjibu. "Tunaomba tu daktari aione kwanza."

Hasira yake ilikuwa na haki. Maumivu yasiyotibiwa humfanya mgonjwa ahangaike, akose usingizi na akatae chakula, nasi tukadhani ni akili inayozidi kupotea. Kliniki ilishauri tuanze na parasetamoli. Hiyo nayo ina mpaka: mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa saa 24, na mzee aliyekonda huhitaji pungufu ya hapo. Aliyesahau kuwa amemeza ataomba tena. Ndiyo maana sasa tuna daftari juu ya kabati: jina la dawa, kiasi, saa, na aliyempa. Mwandiko wa Ssenga ndio mzuri kuliko yetu sote.

Ewe msomaji, ukienda kumsalimu mzee mwenye ugonjwa huu, peleka ndizi au sukari. Ukitaka kupeleka dawa ya maumivu, uliza kwanza anameza nini.