Baba Mkwe na Haya Zetu

Sisi tuliotoka Unguja tukaolewa Songea na ndugu wawili, tulikuwa tukimsikia baba mkwe akiamka usiku kwenda msalani, mara nne, mara tano. Tukanyamaza, mkwe haulizwi mambo ya haja ndogo. Mpaka alipokojoa damu.

Kipimo cha damu cha PSA kilionesha kiwango cha chini. Tukasema Alhamdulillah, tukapika pilau. Lakini mgongo ukazidi kumuuma. Daktari akataka kipande cha tezi dume kikatwe kikapimwe. Kumbe ni saratani ya seli ndogo, aina adimu: husambaa upesi, na PSA inaweza isipande.

Tukapanda basi hadi Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900. Kwa aina hii, dawa za homoni peke yake hazitoshi. Alitundikiwa dripu za sisplatini na etoposaidi.

Bado anatibiwa, anaswali ameketi.

Bi harusi, somo atakufunza udi na liwa. Nasi tunaongeza: mumeo au baba yake akiona damu kwenye mkojo, mpelekeni hospitali, hata kama PSA iko chini. Kutafuta tiba hakupingani na kumtegemea Allah.